Tusiupake Ukuta Wetu kwa Mgongo wa Chupa

Najua wengi mnatarajia makala kuhusu dawa za kulevya au umuhimu wa nidhamu, maana hayo ndiyo tuliyozoea kuyasoma katika kurasa hizi kila mwaka. Leo naomba mniruhusu niandike juu ya ukuta. Naam, ukuta! Ule ule unaouegemea wakati wa prepu ukidhani mwalimu wa zamu hakuoni.

Habari zimeenea, na safari hii si uvumi wa bwaloni, kwamba madarasa yetu manane ya jengo la zamani yatapakwa rangi upya. Ule ukanda wa chini wa kijani kibichi tuliourithi kwa waliotutangulia utatoweka, na ukuta mzima kuanzia sakafuni hadi darini utakuwa wa rangi ya malai, au "krimu" kama wanavyosema mafundi. Uamuzi huo nauunga mkono kwa mikono miwili. Lakini nimesikia pia kwamba ili fedha zitoshe madarasa yote manane, praima imeondolewa katika orodha ya vitu vya kununuliwa. Hapo ndipo mimi na orodha hiyo tunapoachana, na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Kwanza nieleze kwa nini nafurahia rangi yenyewe, nisije nikaitwa mpinga maendeleo. Mtu yeyote anayeishi hapa Kakamega anajua alasiri zetu zilivyo. Asubuhi jua linawaka, saa nane wingu linainuka kutoka upande wa msitu, saa tisa ni giza, kisha mvua inapiga mabati hata mwalimu anaacha kusema na kuanza kuandika ubaoni. Mji huu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mara nyingi stima hupotea pamoja na jua. Hapo ndipo rangi ya ukuta inapokuwa jambo la masomo. Rangi nyeusi au kijani kizito humeza mwanga. Rangi nyeupe na malai huurudisha. Anayeketi pembeni, mbali na dirisha, anajua ninachosema. Wenzetu wa safu ya nyuma katika madarasa yale husoma wakiwa wameinamisha vichwa kama wanaotafuta sindano sakafuni. Basi, kubadilisha rangi si urembo. Ni haki ya macho yao.

Sasa tatizo. Kuta za madarasa yetu zina rangi za aina mbili, na wengi hatujui. Sehemu ya juu ni rangi ya maji. Ukanda wa chini, ule wa kijani, ni rangi ya mafuta. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga, walijua viatu vyetu, mikono yetu na udongo mwekundu wa huku. Rangi ya mafuta ikikauka hufanya ngozi ngumu inayong'aa, haifyonzi maji, na doa likiingia unalifuta kwa kitambaa. Ni rangi nzuri sana kwa mahali pake. Shida yake ni moja: haipendi kushikwa. Ukiimwagia rangi ya maji juu yake bila maandalizi, rangi ya maji itakauka, itapendeza, na utapiga picha. Lakini haijashika kitu. Imelala pale juu kama karatasi iliyowekwa mezani. Akija mwanafunzi na ukucha, au kiti kikisugua mgongo wake ukutani, au unyevu wa mwezi wa nne ukaingia, inabanduka kipande kizima na kijani kinachungulia tena.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Tuangalie ukuta wa bwalo upande wa jikoni. Ulipakwa rangi mpya kwa siku mbili, wiki ile ya wageni, juu ya mafuta na moshi wa kuni wa miaka mingi. Nilimwuliza mmoja wa waliokuwa wakipaka, kwa heshima kabisa, "Mzee, hamwoshi kwanza?" Akanicheka, akasema, "Kijana yangu, wageni ni Ijumaa. Mvua ni ya shule yenu." Sikumlaumu. Yeye alipewa siku mbili na madebe mawili, akapaka kilichopakika. Lakini muhula uliofuata masizi yalianza kutokeza, madoa ya hudhurungi yakiteremka kama machozi. Kule Ilesi, kwenye barabara ya Kisumu, watalii hutoka mbali kuja kuona Jiwe Linalolia. Sisi tuna ukuta unaolia na hatutozi kiingilio! Karibu na mlango rangi imebanduka sehemu yenye umbo la ramani ya Afrika, na nimewaona vijana wa Kidato cha Pili wakiongezea Madagaska kwa kalamu.

Jambo la masizi linastahili kuelezwa, maana wengi husema, "Si wangeongeza tu koti la tatu?" Hapana bwana. Masizi, madoa ya maji kutoka kwenye dari linalovuja na wino wa kalamu huyeyuka kidogo kidogo katika maji yaliyomo ndani ya rangi mpya na kupanda nayo hadi juu. Ukiongeza koti, vinapanda tena. Kinachovizuia ni praima ya mafuta, ambayo haina maji ya kuviyeyusha, na hivyo huvifungia huko chini.

Praima basi ni nini? Ni rangi ya kwanza, ile isiyopakwa ili ionekane. Kazi yake ni kushika kilicho chini na kuacha juu yake uso ambao rangi ya pili inaweza kuung'ang'ania. Tena husaidia pale mtu anapobadilisha rangi moja kuwa nyingine iliyo mbali nayo. Kijani kizito hakikubali kufunikwa na malai kwa koti moja wala mawili. Kitakuwa kikionekana kwa chini kama shati jeupe juu ya fulana ya rangi. Praima nyeupe inakiua kijani kwanza, kisha makoti mawili ya malai yanatosha. Na kwa wanaotaka kujua zaidi: mtu anayepaka rangi nyekundu au ya manjano kali hupata taabu hiyo hiyo hata juu ya ukuta mweupe, maana rangi hizo hazifuniki vizuri. Mafundi hodari huanza na praima ya kijivu chini ya nyekundu.

Lakini tusidanganyane, praima si dawa ya uvivu. Ukiipaka juu ya uchafu na mng'ao, nayo itabanduka pamoja na uchafu wake. Ukuta huoshwa kwanza kwa maji na sabuni, huachwa ukauke, kisha ule mng'ao hukwaruzwa kwa msasa hadi ufifie. Hapa, kama mwanachama wa chama cha Kiswahili, nitaiba mistari miwili. Msasa tunaoununua leo dukani kwa karatasi ulianza kama mti. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, na mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo. Kwa hiyo mwalimu anaposema insha yako "ipigwe msasa," anakutuma porini bila wewe kujua. Haya, turudi ukutani.

Kuna wanaosema mambo haya ya koti la kwanza na la pili ni ya Wazungu na ya matajiri wa mijini. Nawauliza hivi: mmewahi kukaa na bibi zenu mwezi wa Disemba? Kule Shinyalu, Butere, Malava na kwingineko, nyumba ya udongo hutengenezwa kabla ya Krismasi. Mama hachukui udongo mweupe akaupaka juu ya nyufa. Kwanza anakwangua kilicholegea. Anamwagia ukuta maji kidogo ili usifyonze haraka. Anaziba nyufa, kisha anapaka mchanganyiko wa udongo na samadi ya ng'ombe, anauacha ukauke. Ndipo anapoleta udongo wa rangi, mweupe juu, mwekundu au mweusi chini ambako mvua hurusha matope. Sasa huo mchanganyiko wa samadi ni nini kama si praima? Bibi hakusoma maandishi ya debe lolote, na ukuta wake unafika Krismasi nyingine ukiwa umesimama.

Tazama pia barabarani. Maduka mengi ya kuelekea Mumias yamepakwa rangi za makampuni, leo ya simu, kesho ya sabuni, keshokutwa ya soda. Kampuni inataka rangi yake ionekane msimu huu, si miaka kumi, basi hupaka juu ya ya mwenzake. Pale panapobanduka unaweza kuhesabu historia ya biashara ya Kenya: kijani juu, chini yake nyekundu, chini yake buluu, na mwisho kabisa chokaa ya mwenye nyumba. Kwa kampuni hiyo ni sawa, maana ukuta si wake. Ila sisi ukuta ni wetu.

Na hebu nitaje gereji. Sheria ya trafiki iliyorekebishwa mwaka 2016 ilitaka mabasi ya shule yawe ya manjano, na shule nchini kote zikapeleka mabasi yao kupakwa upya. Nenda gereji yoyote ya jua kali uone basi linavyotengenezwa. Kutu inakwanguliwa, msasa unapita siku nzima, mashimo yanazibwa, praima inapulizwa, tena msasa, ndipo manjano ije. Hakuna mwalimu mkuu ambaye angekubali basi lake limwagiwe manjano juu ya kutu. Kwa nini basi ndilo liheshimiwe na darasa lisiheshimiwe? Basi hutoka nje, linaonekana na shule nyingine. Darasa tunaliona sisi tu. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nakuja kwenye fedha, maana najua Bwana Mhazini atasoma ukurasa huu akiwa na kalamu nyekundu. Nilipima darasa moja kwa rula ya mita ya maabara. Urefu wake ni mita 8 na upana mita 6, kwa hiyo kuzunguka kuta zote ni mita 28. Ukanda wa kijani una kimo cha mita 1.2. Zidisha, utapata mita za mraba 33.6, na ukitoa mlango zinabaki 32 na kidogo. Lita moja ya praima katika ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10. Maana yake, mkebe mmoja wa lita 4 unatosha darasa zima na kubakisha. Mkebe mmoja! Madarasa manane ni mikebe minane, na karatasi kadhaa za msasa. Sehemu ya juu haihitaji praima kwa sababu ni rangi ya maji juu ya rangi ya maji. Ikioshwa vumbi na kuzibwa nyufa inatosha. Sasa linganisha na kurudia. Ukanda huo ukibanduka mwaka ujao, utataka makoti mawili tena ya rangi ya juu, yaani lita sita na nusu kwa kila darasa, pamoja na malipo ya fundi, na kabla ya hapo mtu wa kukwangua yale yaliyobanduka. Huku sasa ndiko kujenga ukuta baada ya kukataa kuziba ufa.

Nakiri pia kwamba wauza rangi wana midomo. Atakwambia kila ukuta duniani unahitaji praima yake ya bei ghali. Si kweli, na nimekwisha kusema kwamba nusu ya juu ya darasa letu haiihitaji. Kuna kuta ambazo rangi za kisasa huzidhuru kabisa. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukizifunga kwa saruji na rangi ya plastiki, unyevu unabaki ndani na lipu inavimba na kuanguka. Hizo hutaka chokaa. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji wapake nyeupe na buluu. Kuamuru rangi ni kazi ya siku moja, lakini ukuta wa matumbawe na ukuta wa saruji haviwezi kutii amri hiyo kwa njia moja. Mwenye nyumba anapaswa kujua kwanza ana ukuta gani.

Kujua si kazi ngumu. Chukua kitambaa, kitie spiriti kidogo ya maabara (kwa ruhusa ya mwalimu, tafadhali), usugue ukuta. Rangi ya maji italainika na kutia doa kitambaani. Ya mafuta haitajali. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe kama umeshika chaki, rangi imechoka na haiwezi kubeba nyingine. Mimi nimefanya hivyo katika madarasa sita kati ya manane, na majibu ni yale yale.

Kuna mambo mawili ambayo wakubwa wanaopanga kazi hii naomba wayatazame. La kwanza ni zile nyufa zilizozibwa kwa saruji muhula uliopita. Saruji mbichi ina alikali kali, na sisi tuliosoma Kemia tunajua alikali ikikutana na mafuta hutengeneza nini: sabuni. Rangi ya mafuta, na hata praima ya mafuta, ikipakwa juu ya saruji isiyokomaa hugeuka utelezi na kubanduka. Saruji huachwa kama siku 28. Huku kwetu, kwa unyevu huu, hata zaidi. La pili ni vumbi. Rangi za zamani za mafuta mara nyingi zilitiwa risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo kusugua kufanywe kwa maji, msasa ukiwa umelowa, vumbi lisiruke, na wanafunzi wasiwemo darasani. Nimesikia pendekezo kwamba tupewe msasa tufanye kazi hiyo kama adhabu ya wachelewaji. Nalipinga. Kuosha kuta kwa sabuni tutaosha, hata wasiochelewa tutaosha, lakini kusugua rangi ya zamani kuachiwe mafundi waliofunika pua na midomo.

Kisha wakati. Kama kazi itaanza mwezi wa nne, wiki ya kabla ya siku ya wazazi, nawaambieni mapema kwamba hata praima haitatuokoa. Ukuta uliolowa hautaki rangi yoyote. Miezi yetu mikavu ni Disemba, Januari na Februari. Likizo ya Disemba shule iko tupu, madirisha yanaweza kukaa wazi mchana kutwa, na fundi hana wa kumharakisha.

Na kama fedha kweli hazitoshi, msimamo wangu ni huu: tupake madarasa manne mwaka huu, yaoshwe, yasuguliwe, yapigwe praima na makoti mawili. Manne mengine yasubiri na kijani chake hadi mwakani. Darasa langu ni miongoni mwa yatakayosubiri, nimehesabu. Najua kuna watakaosema nusu malai nusu kijani ni aibu mbele ya wageni. Wageni watakaa saa tatu na kunywa soda. Sisi tutakaa hapa miaka minne.

Kwa wasioamini, nina ombi dogo kwa Mwalimu Mkuu. Nyuma ya kabati katika chumba cha chama chetu kuna kipande cha ukuta wa kijani, mita mbili kwa moja, ambacho hakuna mgeni atakayekiona. Tupewe kikombe cha praima na vikombe viwili vya malai. Kipande chote tutakiosha. Nusu ya kushoto tutaisugua kwa msasa uliolowa, siku ambayo chumba kitakuwa kitupu, tuipake praima, kisha malai. Nusu ya kulia tutaipaka malai moja kwa moja kama orodha inavyotaka. Tungoje wiki mbili. Halafu Bwana Mhazini mwenyewe aje na selotepu, aibandike pande zote mbili, aikandamize kwa kidole gumba, na aivute.